Nimetafuta faili moja la wafanyakazi kwenye kompyuta ya kazini, nimekuta kopi 11. Mashine inarudi Ijumaa, naomba muongozo

Karani Mpole (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo naomba muongozo, na naomba msinicheke, au mcheke kwanza halafu mnisaidie.

Mimi niko upande wa utumishi, mafaili ya watu yanapita mikononi mwangu kutwa nzima. Wiki hii tumeambiwa kompyuta zinabadilishwa, watu wa IT wanakusanya za zamani Ijumaa mchana. Nikasema ngoja nisafishe yangu kabla haijaondoka, maana kuna orodha moja ya wafanyakazi 412 ambayo naijua ni moto. Ina jina kamili, namba ya kitambulisho, akaunti ya benki, mshahara, simu ya ndugu wa karibu, na mwisho kabisa kuna safu tumeiita MAELEZO. Hiyo MAELEZO ndo balaa lenyewe. Kila aliyewahi kushika hilo faili kaandika humo anachojua: "likizo ya ugonjwa, figo", "anakatwa matunzo ya mtoto", "kaonywa kwa ulevi, barua ya pili". Vitu ambavyo mwenyewe akikuta vimeandikwa anaweza akalia.

Sasa nikaandika jina la faili kwenye sehemu ya kutafuta nikijua litakuja moja, yakizidi mawili. Yamekuja 11. Moja liko desktop, sawa hilo nalijua. Manne yako kwenye Downloads, yaani lile lenyewe halafu (1), (2) na (3). Mawili yako Documents, moja linaitwa ORODHA FINAL na jingine ORODHA FINAL KWELI. PDF moja ambayo nadhani nilitengeneza nikitaka kuprinti. Kopi kwenye viambatisho vya imeili nilizotuma. Skrinishoti moja kwenye Picha, hii sikumbuki niliipiga ya nini. Na la 11 ndo limeniondoa usingizi, liko kwenye ile folda inayosinki na akaunti yangu binafsi ya mtandaoni, ambayo niliiunganisha siku moja nikitaka kupata picha za mwanangu na sikuwahi kuitoa tena. Maana yake lipo na kwenye simu yangu. Na simu hiyo mtoto ndo anachezea gemu.

Naombeni kujua, nafuta yote niendelee na maisha? Au kuna utaratibu? Na ukweli mwingine, humo humo kuna vitambulisho vyangu nilivyoskani, cheti cha kuzaliwa cha mwanangu na fomu yangu ya mkopo. Nilikuwa naona ni kompyuta yangu tu.

Mzee wa Shift

Shift + Delete, ziba macho, bonyeza Enter. Uzi ufungwe.

Fundi Nyaya

Mleta uzi USIFUTE KITU. Na wewe Mzee wa Shift tuliza mikono.

Naongea kama mtu ambaye kazi yangu ni kupokea hizo mashine. Kwanza hilo faili si lako, ni la ofisi, na huenda moja kati ya hizo kopi 11 ndo pekee yenye marekebisho ya mwisho. Nimeshapokea laptopu imefutwa safi kabisa na mtu mwenye nia njema, kesho yake mishahara inatakiwa itoke na lile faili la kweli lilikuwa desktop kwake tu, halipo kwenye seva wala kwa mtu mwingine yeyote. Pili, kama kuna malalamiko au kesi inaendelea, kufuta rekodi siku mbili kabla ya kurudisha mashine kunaonekana vibaya sana hata kama ulikuwa unafagia tu. Tatu, kufuta kwenyewe hakufuti unavyodhani.

Nielezee hii ya tatu maana watu wengi hawaijui. Ukifuta kawaida faili linaenda Recycle Bin, hilo kila mtu anajua. Ukifuta kwa Shift, kompyuta inachofanya ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa zenyewe bado zipo mpaka aje mtu aandike juu yake. Kwenye hadidiski za zamani zile zinazozunguka, programu ya kurudisha mafaili, na ziko za bure, inaweza kulitoa faili hata baada ya miezi. Kwenye SSD, yaani zile diski za kisasa zisizozunguka, mambo ni tofauti, mara nyingi mfumo unaiambia diski nafasi ile haitakiwi tena na diski yenyewe inaisafisha baadaye, kwa hiyo kurudisha ni kugumu, ila wewe huna namna ya kusimamia uone imesafishwa lini.

Kinachomlinda mtu kwenye kurudisha mashine ni diski nzima kuwa imefungwa kwa msimbo toka mwanzo, yaani data yote inageuzwa isisomeke bila ufunguo, kwenye Windows ni BitLocker, kwenye Mac ni FileVault. Ikiwa imefungwa, IT wakiharibu ufunguo, kilichobaki ndani ni takataka hata kwa fundi. Kama haijafungwa, IT wana programu za kuandika juu ya diski nzima. Hiyo ni kazi yao mkuu, yako ni kuwaambia kuna nini humo.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika hizo sehemu 11 kwenye karatasi, njia ya folda na tarehe ya mwisho kuguswa. Mwambie msimamizi wako na mtu wa IT. Muulizane kopi ipi ndo mama. Hiyo mama iende mahali pake panapofunguliwa na wanaohusika tu, zilizobaki ndo zifutwe, ukiwa na imeili inayosema mlikubaliana. Vyeti vyako na vya mtoto hamisha leo, hivyo ni vyako.

Na hiyo akaunti binafsi iliyounganishwa usikimbilie kuifuta folda, soma kwanza vizuri, maana ukifuta upande mmoja inafuta na upande wa pili, au inakwenda kukaa kwenye pipa la mtandaoni wiki kadhaa.

Halafu swali. Umetafuta ndani ya kompyuta. Flashi je?

Karani Mpole

...

Flashi sijaiwaza.

Kichwa Ngumu

Mimi nitasema wasilotaka kusema wengine. Mnakuza mambo. Nani ana shida na orodha ya watu 412 wa ofisi fulani? Wadukuzi wanatafuta benki na kampuni kubwa, hawana muda na figo za watu. Tukifuata hizi taratibu zote kazi haziendi, bosi anataka jibu saa nne na wewe unahangaika na misimbo.

Mama Faili

Kichwa Ngumu kaka yangu, nimeshika rekodi za wagonjwa miaka mingi sasa hivi niko kwenye kumbukumbu, nikwambie kitu. Katika hiyo miaka yote sijawahi kumuona mdukuzi. Niliowaona ni watu wanaofahamiana.

Kuna siku mwenzetu aliprinti majibu ya vipimo ya mtu mmoja, printa ikawa imeishiwa karatasi, akaona ah nitakuja baadaye, akasahau. Jioni mtu wa idara nyingine kabisa kaja kaweka karatasi kuprinti barua zake, printa ikaanza kwanza kutoa ile kazi iliyokuwa inasubiri. Akaisoma. Yule mgonjwa alikuwa mchumba wa mdogo wake. Sitasema zaidi, ila ile harusi haikufanyika.

Hakuna aliyeiba kitu pale. Mtu akisoma habari za asiyemjua anasahau hapo hapo, akisoma za shemeji yake hasahau. Na ofisini wote ni mashemeji kwa namna moja au nyingine. Kwa hiyo hiyo "nani ana shida na orodha yetu" jibu lake ni watu wote mnaokaa nao meza moja.

Tangu siku ile nina mazoea mawili tu. Nikiprinti nasimama kwenye printa mpaka karatasi ya mwisho itoke, ikigoma naifuta ile kazi kwenye foleni kabla sijaondoka. Na nikinyanyuka hata kwenda kuchukua kalamu nabonyeza kitufe cha Windows na L, skrini inajifunga. Wenzangu walikuwa wananicheka, siku hizi wananiiga.

Kichwa Ngumu

Hii ya harusi imenigusa. Ila bado nasema kazi haziendi hivyo.

Karani Mpole

Asanteni. Fundi, swali jingine. Lile la desktop nimeliwekea pasiwedi, na safu ya MAELEZO nimeificha, na shiti nimeifunga isibadilishwe. Hiyo si inatosha?

Fundi Nyaya

Umefanya vitu vitatu, kimoja ndo kufuli, viwili ni pazia.

Kuficha safu si ulinzi kabisa, mtu anabofya kulia anachagua kuonyesha basi. Kufunga shiti isibadilishwe kupo ili mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya, Microsoft wenyewe wanasema hicho si kipengele cha usalama, data ndani iko wazi. Pasiwedi inayoulizwa wakati wa KUFUNGUA faili hiyo ndo inafunga kweli, kwa sababu faili lote linageuzwa msimbo. Ila angalia mwisho wa jina. Kama ni .xlsx, yaani toleo la 2007 kuja juu, inatumia AES, aina ya msimbo mgumu kuvunjwa, na ni imara kama pasiwedi yako ni imara. Kama ni lile la zamani .xls, ule msimbo wake ni dhaifu mno na programu za kuuvunja zimejaa. Na pasiwedi ikiwa ni jina la ofisi na mwaka, hata AES haitakusaidia.

Kitu kingine watu wanasahau ni jina la faili. Pasiwedi haifichi jina. Nimewahi kuona kwenye folda ya wote faili limefungwa vizuri kabisa, linaitwa "Barua ya kumwachisha kazi" halafu jina la mtu na la baba yake. Sasa hapo umeficha nini? Habari yote ishasomwa kabla ya kubofya.

Hesabu Kali

Naomba na mimi nitoe langu la moyoni, halijawahi kutoka nje ya kichwa changu.

Niko upande wa fedha. Mshauri wa nje aliomba muhtasari wa mishahara kwa idara, majina hayahitaji. Nikatengeneza jedwali la pivoti, zikaja idara sita na jumla zake, safi kabisa. Nikafuta shiti yenye majina. Sikuificha, NILIIFUTA. Nikahifadhi, nikafungua tena kuhakikisha, shiti haipo. Nikatuma nikiwa na amani moyoni.

Nusu saa simu ikaita. "Dada, samahani, nimebofya mara mbili kwenye ile jumla ya idara ya tatu, imefunguka shiti mpya ina watu 38 na mishahara yao. Hii nilitakiwa niione?"

Nilikaa chini. Kumbe pivoti inabeba nakala yake ya data kwa ndani, hata ukifuta chanzo yenyewe inaendelea kukumbuka, na ukibofya mara mbili kwenye namba yoyote inakutolea mistari iliyotengeneza hiyo namba. Ni kipengele cha kawaida kabisa, wachambuzi wanakipenda, ila mimi sikuwa nakijua. Yule baba Mungu ambariki alifuta mbele yangu kwa simu na akaniandikia kuthibitisha. Angekuwa mtu mwingine leo ningekuwa nasimulia hadithi tofauti.

Na grafu ni hivyo hivyo, ukikopi grafu kutoka Excel ukaipesti kwenye Word au PowerPoint, kutegemea umechagua kupesti vipi, kitabu kizima cha Excel kinaweza kuingia nyuma ya hiyo grafu. Mtu anabofya hariri data anakutana na familia nzima.

Siku hizi nafungua faili jipya tupu, napesti thamani tu, au napesti kama picha. Sipunguzi faili kubwa ili litoke dogo, naanza na tupu naongeza.

Mpitanjia

@Hesabu Kali pole dada, hauko peke yako, na wakubwa wameangukia hapo hapo. Polisi wa Ireland ya Kaskazini, Agosti 2023, waliombwa takwimu za idadi ya askari kwa vyeo. Wakajibu kwa kuweka spredishiti mtandaoni. Kwenye hiyo spredishiti kulikuwa na shiti iliyofichwa, ina majina ya ukoo na herufi za mwanzo, vyeo na vituo vya askari na watumishi wao zaidi ya 9,000. Na huko askari kujulikana ni nani na yuko kituo gani ni jambo la kufa na kupona, maana kuna vikundi vyenye silaha vinavyowalenga. Walipigwa faini ya pauni 750,000, ila faini ni kitu kidogo, kuna watu walilazimika kuanza kufikiria kuhama.

Mwaka 2007 tena Uingereza, mamlaka ya kodi ilituma CD mbili kwa posta ya ndani zikiwa na taarifa za watu milioni 25 wa familia zinazolipwa posho ya watoto. Hazikufika. Zilikuwa na pasiwedi lakini hazijafungwa kwa msimbo. Mkuu wa mamlaka alijiuzulu.

Na kwenye PDF nako ni kilio. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump kule Marekani, walipeleka mahakamani hati waliyoficha sehemu kwa mistari myeusi. Waandishi wakakokota maneno chini ya ule weusi, wakakopi, wakapesti, yakasomeka yote. Weusi ulikuwa umewekwa juu tu kama karatasi iliyobandikwa. Ukitaka kuficha kwenye PDF tumia kifaa chenyewe cha kuondoa maandishi, halafu jaribu mwenyewe kukopi kabla hujatuma.

Kichwa Ngumu, naomba uangalie hayo matukio matatu, hakuna mdukuzi hata mmoja.

Kichwa Ngumu

Sawa sawa nimesikia. Basi dawa rahisi, futa majina, weka namba 1 mpaka 412, kila mtu awe salama tulale.

Mama Faili

Hapo napo si rahisi hivyo. Kwenye ofisi ya watu 40 ukiniandikia "mwanamke, miaka 57, stoo, likizo ya upasuaji", unadhani nahitaji jina? Nitakwambia na rangi ya mkoba wake.

Mpitanjia

Kuna mtafiti Latanya Sweeney, mwaka 2000 alionyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Kabla ya hapo alishampata gavana wa Massachusetts kwenye data za hospitali ambazo zilikuwa zimetolewa bila majina. Kwa hiyo ukitoa majina, toa na tarehe kamili, weka makundi ya umri, na kundi likiwa na watu wawili watatu liunganishe na jingine.

Dada Zamu

Mnaongea vizuri ila hamjagusa pale panapouma. Bosi wangu anataka kila kitu kwenye WhatsApp. Yuko njiani, anaandika "nitumie ile orodha hapa". Mimi ni mdogo, namwambia nini? Nikimwambia ni hatari ananiona namfundisha kazi. Na nikituma inakaa kwenye simu yangu, inakaa kwenye simu yake, inakwenda kwenye bakapu yake, na siku akikosea anaiforwadi kwenye kundi la familia. Na hili si la kubuni, lilishatokea, tulipewa ratiba ya likizo za wagonjwa kwenye kundi la kuchangia msiba, ikafutwa baada ya dakika tano, na dakika tano zinatosha.

Fundi Nyaya

Dada Zamu hilo ndo swali la uzi huu, mengine yote ni ufundi.

Usimkatalie, mrahisishie. Weka faili kwenye folda ya ofisi mtandaoni, linki iwe ya watu uliowataja kwa majina, isiwe ile ya "yeyote mwenye linki", halafu mwandikie "Bosi nimekuwekea, bofya hapa inafunguka kwenye simu". Anachotaka yeye ni kuona namba saa nne, hajali imepita wapi. Wakubwa wengi ukiwapa linki inayofunguka haraka hawaulizi tena. Ila ikigoma kufunguka mara moja tu, umerudi WhatsApp, kwa hiyo ijaribu wewe mwenyewe kwanza kwa simu.

Kama anahitaji namba moja mwandikie hiyo namba moja. Nusu ya hizi kopi zinazaliwa kwa sababu mtu kaomba tone tumempa pipa zima.

Ikishindikana kabisa lazima litumwe faili, lifunge kwa pasiwedi na pasiwedi umtajie kwa simu. Usiitume kwenye uzi ule ule wa meseji, hiyo ni kama kufunga mlango ukaacha ufunguo kitasani. Na kabla hujabonyeza tuma, soma anwani herufi kwa herufi, zile programu za imeili zinapenda kukumalizia jina, unaandika herufi tatu inakuletea mtu mwenye jina linalofanana wa kampuni nyingine kabisa.

Dada Zamu

Nitajaribu ya linki. Ya "nikupe namba moja" nimeipenda zaidi.

Hesabu Kali

Niongezee moja imekuja juzi juzi. Watu wanachukua orodha kama hiyo wanaipeleka kwenye zile tovuti za bure za kugeuza PDF kuwa Excel, au wanaipesti kwenye AI wakiomba iwapangie. Pale umeshaituma kwenye seva ya mtu usiyemjua, na hujui inakaa huko muda gani. Mimi natumia AI kila siku sikatai, ila natengeneza mistari mitano ya uongo, Mtu A, Mtu B, mshahara wa kubuni, naomba fomula, halafu fomula naileta kwenye faili langu. Inafanya kazi vile vile.

Mzee wa Shift

Hii ya mistari ya uongo nimeichukua. Mimi nilikuwa napesti yote na vitambulisho juu. Msiniulize zaidi.

Mama Faili

Na ile safu ya MAELEZO mleta uzi, mimi ningeanzia hapo. Kwa nini ipo? Anayelipa mishahara anahitaji kujua siku ngapi mtu hakuwepo, hahitaji kujua figo. Safu ya wazi isiyo na mwenyewe ni kama ukuta wa choo, kila apitaye anaandika. Cha ugonjwa kikae kwenye faili la ugonjwa kwa mtu mmoja anayehusika, pale kwenye orodha iandikwe "likizo halali" basi.

Karani Mpole

Wakuu nimerudi, leo Alhamisi usiku. Nawapa mrejesho.

Nilimfuata msimamizi asubuhi na karatasi yangu ya sehemu 11. Nilitegemea kufokewa. Alikaa kimya kidogo halafu akafungua kompyuta yake akaandika lile jina kwenye kutafuta. Kwake zimekuja 19. Tukaangaliana.

IT wamekuja, mashine yangu ilikuwa imefungwa kwa BitLocker siku zote na mimi sikujua. Kopi mama tumekubaliana ni ORODHA FINAL, si ile FINAL KWELI, kumbe FINAL KWELI ilikuwa na makosa ya akaunti mbili za benki, ningefuta nyingine zote nikabakiza hiyo watu wawili wangekosa mshahara. Fundi ulisema. Zile nne za Downloads wamenieleza, kila nilipobofya kiambatisho kwenye imeili kivinjari kilikuwa kinashusha kopi mpya, mimi najua nafungua ile ile. Safu ya MAELEZO imetolewa kwenye orodha, imepewa mtu mmoja aipitie, kuna vitu humo hakuna anayejua nani kaandika wala lini.

Akaunti yangu binafsi nimeitenganisha, nimefuta kule mtandaoni na kwenye pipa lake na kwenye simu, mtu wa IT akiwa pembeni. Akaniandikia taarifa rasmi ya tukio, niliogopa, akasema afadhali wewe umekuja na miguu yako, kuna sheria kama ile ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, zinatoa saa 72 tu za kutoa taarifa baada ya ofisi kujua taarifa za watu zimevuja, sasa mtu akikaa kimya anawaponza wote. Za imeili nilizotuma siwezi kuzirudisha, tumewaandikia wale watatu wafute na wajibu. Wawili wamejibu.

Imebaki flashi. Fundi uliponiuliza nilikumbuka, mwaka jana kulikuwa na siku mtandao ulikatika nikaibeba orodha kwenye flashi kwenda jengo la pili. Nimetafuta droo zote ofisini, mifuko ya makoti, gari. Jioni hii ndo nimeiona. Iko kwenye begi la shule la mwanangu. Alijaziwa katuni na rafiki yake, na kabla ya hapo ilishazunguka kwa watoto wangapi sijui. Nimeichomeka nyumbani, katuni 14, na katikati yake ORODHA.

Niiformati sasa hivi?

Fundi Nyaya

Hapana mkuu. Formati ya haraka kwenye flashi haisafishi kitu, inarudishika. Chomoa, iweke kwenye bahasha, kesho ilete kazini pamoja na laptopu waisafishe wao na waiongeze kwenye ile taarifa. Na muulize mtoto taratibu, bila kumtisha, alimpa nani kabla hajawekewa katuni.

Karani Mpole

Nimemuuliza. Kasema alimpa mwalimu wa kompyuta.